Andika Kabla Hujasimulia: Mwongozo Kamili wa Kutunza Kumbukumbu ya Tukio Uliloliona

Miaka michache iliyopita nilikuwa nimesimama kwenye genge la nyanya pembezoni mwa soko la Majengo, hapa Dodoma, nikisubiri chenji, bajaji na bodaboda zilipogongana hatua chache mbele yangu. Hakufa mtu. Kijana wa bodaboda aliteguka kifundo cha mkono, na mama aliyekuwa abiria wa bajaji akabaki akiokota zabibu zake vumbini, moja moja, akizipuliza. Sisi watazamaji tulisogea kwenye benchi la muuza kahawa, tukalichambua jambo lile kwa karibu nusu saa. Wiki mbili baadaye pande zote mbili zilipokutanishwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa ili zipatane kuhusu gharama, niliitwa, nami nikaeleza bila kusita kwamba dereva wa bajaji alikata kona bila kuwasha indiketa. Jioni ile nilipita tena pale gengeni, nikasimama mahali pale pale, na ndipo nilipogundua kwamba kibanda cha mabati cha wakala wa pesa kinaziba kabisa upande ambao bajaji ilitokea. Indiketa ile nisingeweza kuiona hata ningekuwa na shingo ya twiga. Habari zake nilizipata kwenye benchi la kahawa, zikaingia kichwani mwangu na kukaa humo kama kitu nilichokiona kwa macho yangu.

Sikudanganya, lakini nilichosema hakikuwa ushuhuda wangu. Baada ya aibu ile nilianza kusoma walichogundua wanasaikolojia kuhusu kumbukumbu, na mwongozo huu umetokana na masomo hayo. Utamfaa yeyote anayeweza kujikuta shahidi wa ajali, ugomvi, wizi au makubaliano ya mdomo ya kiwanja, na pia mjumbe, katibu wa kikundi au mzee wa ukoo anayelazimika kuwauliza wengine waliona nini.

Kwanza, fahamu kitu unachokitunza

Wengi wetu tunaichukulia kumbukumbu kama ghala: mzigo uliingizwa, mzigo utatolewa, na kama haukutoka basi mlinzi ni mwizi. Frederic Bartlett wa Chuo Kikuu cha Cambridge alionyesha mwaka 1932 kwamba mambo hayaendi hivyo. Aliwapa Waingereza hadithi ya wenyeji asilia wa Amerika Kaskazini waisome, kisha akawataka waisimulie tena baada ya muda, wengine mara kadhaa. Hadithi ilizidi kufupika na kugeuka ya Kiingereza: mitumbwi ikawa mashua za kawaida, uwindaji wa sili ukawa uvuvi wa samaki, na sehemu zilizomshangaza msimulizi zikaachwa au zikapewa sababu ambazo hazikuwamo. Hakuna aliyekusudia kupotosha. Kila aliyesimulia alikuwa akiijenga hadithi upya kwa vipande alivyobaki navyo, na palipokosekana kipande alijaza kwa mambo aliyoyazoea.

Sisi wa Dodoma tuna mfano wa nyumbani. Jina la mji linatokana na neno la Kigogo *idodomya*, lenye maana ya kuzama. Ukiwauliza wazee ni nini kilichozama, wengine watakusimulia habari za tembo aliyekuja kunywa maji akanasa topeni na kudidimia. Wengine watakuambia ni vijana wa Kigogo walioiba ng'ombe wa Wahehe, wakawachinja na kuwala, kisha wakaichomeka mikia kwenye tope ili wenye mali watakapofika waambiwe kwamba mifugo yao imezama. Neno limebaki lile lile, na kilichozama kimebadilika. (Masimulizi ya pili nayapenda zaidi, kwa kuwa ndani yake tayari kuna ushahidi wa kutengenezwa.)

Kwa hiyo jambo la kuwahi ni kuandika simulizi la kwanza kabla halijajengwa upya na kabla watu wengine hawajalichangia. Hatua zinazofuata zinategemea hilo, na mpangilio wake ni muhimu kuliko wingi wa maelezo utakayoyapata.

Hatua ya kwanza: saidia majeruhi, kisha usijadili

Aliyeumia hutangulia, hilo halina mjadala. Akishahudumiwa, jiepushe na mazungumzo kuhusu tukio mpaka uwe umeandika. Fiona Gabbert na wenzake walichapisha mwaka 2003 utafiti unaolieleza kosa langu kana kwamba walikuwa wamekaa nami kwenye benchi. Waliwaonyesha watu wawili wawili filamu ya tukio moja, lakini kila mmoja aliliona kwa upande wake, hivyo yalikuwapo mambo ambayo mmoja angeweza kuyaona na mwenzake asingeweza kamwe. Baadaye wakaruhusiwa kuzungumza, kisha kila mmoja akahojiwa peke yake. Asilimia 71 ya waliozungumza walitaja angalau jambo moja ambalo hawakuwa wameliona bali walilipata kwa mwenzao.

Najua hatua hii ni ngumu kwetu. Kunyamaza penye tukio huonekana kiburi, na anayeondoka haraka hudhaniwa kuwa ana lake jambo. Sema tu wazi: "Ndugu zangu, nipeni dakika chache niandike nilichokiona, halafu tutaongea." Sijaona aliyekasirika kwa kauli hiyo, mara nyingi wawili watatu nao huomba karatasi. Ukiombwa maelezo na askari wa usalama barabarani, mpe uliyoyaona mwenyewe, na useme waziwazi pale ambapo hukuona.

Hatua ya pili: andika siku hiyo hiyo

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana na kupima juhudi iliyookolewa alipozikariri tena. Baada ya dakika 20 alikuwa amebakiwa na akiba ya asilimia 58, baada ya saa moja asilimia 44, baada ya siku moja asilimia 34, na baada ya mwezi asilimia 21. Ajali hukaa kichwani kuliko silabi zisizo na maana, lakini umbo la upotevu hufanana: kingi humwagika mwanzoni, kisha kinachobaki hupungua polepole. Saa ya kwanza ina thamani kuliko wiki nzima itakayofuata.

Namna ya kuandika imefanyiwa kazi kwa muda mrefu na Ronald Fisher na Edward Geiselman, ambao kuanzia miaka ya 1980 waliunda mbinu ya mahojiano inayotumiwa na polisi wa nchi kadhaa. Mwaka 2009 Fisher alishirikiana na Gabbert na Lorraine Hope kutengeneza aina ambayo shahidi hujihoji mwenyewe kwa maandishi. Kiini chake unaweza kukitumia ukiwa na daftari la mraba na kalamu. Kaa pembeni, fumba macho, urudi kwa mawazo mahali pale: ulikuwa umesimama wapi, jua lilikuwa upande gani, ulikuwa umeshika nini, ulisikia harufu na sauti gani kabla ya kishindo. Kufumba macho kunaweza kuonekana mchezo wa watoto, lakini majaribio yameonyesha kwamba husaidia watu kukumbuka zaidi. Kisha andika kila kinachokuja, hata unachokiona hakina maana, bila kupanga na bila kukisia. Ukimaliza, pitia tukio kinyumenyume, kuanzia mwisho kurudi mwanzo, kwa sababu tukisimulia kwa mfululizo wa kawaida tunajaza mapengo kwa mazoea, na mwendo wa kinyume huyavuruga mazoea hayo.

Kisha ongeza mambo ambayo mahakama zetu zenyewe huyatafuta. Katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri la mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilieleza kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni wa aina dhaifu kabisa, wala haufai kutegemewa mpaka uwezekano wote wa kumfananisha mtu uwe umeondolewa. Mahakama ilitaja mambo ya kuangaliwa: shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, na kama aliwahi kumwona au kumfahamu kabla. Andika yote manne. Umbali upime kwa hatua zako ukiwa bado pale, kwani sote ni wabovu wa kukisia mita. Chora na ramani ndogo, ukionyesha kinachoziba macho.

Laiti ningefanya hivyo siku ile, ukurasa wangu ungesomeka hivi: "Saa nne na robo asubuhi. Nimesimama kwenye genge, uso kwa muuza nyanya. Nimesikia breki, nikageuka. Nilipogeuka bodaboda ilikuwa tayari chini. Bajaji sikuiona ikitokea; kibanda cha mabati kiko katikati. Kutoka genge hadi walipoangukia ni hatua kumi na tatu. Jua kali, vumbi kidogo." Ni mistari michache, na haina indiketa.

Hatua ya tatu: tenganisha macho, masikio na dhana

Pitia ulichoandika ukiweka herufi pembeni mwa kila mstari: N kwa nililoliona, S kwa nililolisikia, D kwa ninalodhani. Utashangaa jinsi D zilivyo nyingi. "Alikuwa na haraka" ni D. "Alikuwa amelewa" ni D, isipokuwa andiko lako liseme kwamba uliona chupa au ulinusa pombe, na hata hapo uliloliona ni chupa tu.

Ongeza pia mstari wa mambo ambayo hukuyaona, na usiyachukulie kuwa hayakuwapo. Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris waliwaonyesha watu filamu fupi ya wachezaji wanaopasiana mpira na kuwataka wahesabu pasi. Katikati ya mchezo alipita mtu aliyevaa vazi la sokwe. Karibu nusu ya waliokuwa wakihesabu hawakumwona. Anayehesabu chenji hana nafuu juu yao. Anayetishiwa silaha naye ana tatizo lake: macho hung'ang'ania silaha, na uso wa aliyeishika hupata sehemu ndogo ya mtazamo.

Hatua ya nne: ukimuuliza mwingine, chunga kitenzi

Hapa ndipo wenyeviti, wajumbe na wazazi huharibu ushahidi kwa nia njema kabisa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Elizabeth Loftus na John Palmer walichapisha mwaka 1974 jaribio ambalo wanafunzi 45 walitazama filamu za ajali za magari, kisha wakaulizwa magari yalikuwa na mwendo gani. Tofauti ilikuwa kitenzi tu. Walioulizwa kwa kitenzi chenye maana ya kupondana walikisia wastani wa kilomita 65 hivi kwa saa. Walioulizwa kwa kitenzi chenye maana ya kugusana walikisia kilomita 51 hivi. Katika jaribio la pili, lililokuwa na wanafunzi 150, washiriki walirudi baada ya wiki moja wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Havikuwapo. Katika kundi la "kupondana", 16 kati ya 50 walisema waliviona. Katika kundi lililoulizwa kwa kitenzi cha kawaida cha kugongana walikuwa 7 kati ya 50. Na kati ya 50 ambao hawakuulizwa kabisa kuhusu mwendo walikuwa 6. Kitenzi kimoja kilizaa vioo.

Mwaka uliofuata Loftus na Guido Zanni walionyesha kwamba hata kineno kidogo kinatosha. Kiingereza kina vineno vya kutofautisha kitu chochote na kitu ambacho msemaji anachukulia kuwa kinajulikana tayari, na walioulizwa kwa kineno cha pili walikubali mara nyingi zaidi kuwa wameona vitu ambavyo havikuwamo kwenye filamu. Kiswahili hakina vineno hivyo, lakini usifurahi mapema. Linganisha "Uliona taa iliyovunjika?" na "Uliiona ile taa iliyovunjika?" Kiambishi kimoja katika kitenzi na neno "ile" vimekwisha kumwarifu shahidi kwamba taa ipo na kwamba imevunjika; kilichobaki kwake ni kukiri tu. Tunauliza hivi kila siku bila kujisikia.

Anza basi na swali la wazi: "Shikamoo mzee. Naomba unieleze yote uliyoyaona, tangu mwanzo, hata madogo." Kisha nyamaza. Fisher na wenzake walipochunguza mahojiano ya wapelelezi wa Marekani katika miaka ya 1980 waligundua kwamba shahidi aliyeanza kujibu swali la wazi alikatizwa baada ya wastani wa sekunde 7 na nusu. Mila yetu ya kutomkatiza mzee ina faida hapa, ila tunasahau kuwapa vijana na watoto heshima hiyo hiyo. Mtoto ana hatari ya ziada: akiulizwa swali lile lile mara ya pili huweza kudhani kwamba jibu la kwanza halikumpendeza mkubwa, akalibadilisha. Muulize mara moja, kwa swali la wazi, na umwambie kabla kwamba "sijui" ni jibu zuri.

Maswali ya kufuatilia yajengwe kwa maneno ya shahidi mwenyewe. Akisema "yule kijana", usimgeuze "yule mwizi". Kila mmoja ahojiwe peke yake, wengine wakiwa mbali wasikoweza kusikia. Mkutano wa hadhara wa mashahidi wote kwa pamoja, tunaoupenda sana, kwa kazi hii ni mbaya kuliko kutouliza kabisa.

Hatua ya tano: usimpongeze shahidi, wala usisambaze picha

Gary Wells na Amy Bradfield walionyesha mwaka 1998 kwamba shahidi aliyemchagua mtu kwenye picha na kuambiwa kwamba amempata mtuhumiwa hasa, hata kama amekosea, husema baadaye kwamba tangu mwanzo alikuwa na uhakika, kwamba aliuona uso vizuri na kwamba alikuwa makini. Pongezi hurudi nyuma na kuitengeneza upya hata kumbukumbu ya namna alivyotazama. "Ahsante kwa maelezo yako" inatosha.

Mwaka 1984, mjini Burlington katika jimbo la North Carolina, mwanafunzi mmoja alibakwa. Wakati wa shambulio alijitahidi kuukariri uso wa mshambuliaji, kisha akamchagua Ronald Cotton kwenye picha, halafu kwenye gwaride la utambulisho, ambapo aliambiwa kwamba ndiye yule yule aliyemchagua pichani. Kufikia siku ya kesi hakuwa na chembe ya shaka. Cotton alikaa gerezani zaidi ya miaka 10 mpaka mwaka 1995, vinasaba vilipoonyesha kwamba mhalifu alikuwa mtu mwingine. Kumbuka kisa hiki siku picha ya mshukiwa itakaporushwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa ikiwa na swali "Si huyu jamani?" Mashahidi watakaoiona hawatakuwa tena mashahidi wa sura ya usiku ule, watakuwa mashahidi wa picha.

Hatua ya sita: pima uhakika kwa tarehe yake

Uhakika wa shahidi una maana unapotolewa mapema, katika mazingira mazuri, kabla hajapata maoni ya mtu. Andika basi maneno yake ya siku ya kwanza kama yalivyo, ikiwa ni pamoja na "nadhani" na "sina hakika sana". Uhakika unaokuja miezi baadaye ni habari nyingine. Asubuhi iliyofuata mlipuko wa chombo cha anga Challenger, uliotokea tarehe 28 Januari 1986, Ulric Neisser aliwataka wanafunzi wake waandike walipataje habari ile. Miaka miwili na nusu hivi baadaye yeye na Nicole Harsch waliwauliza tena 44 kati yao. Kwa kipimo cha alama 7, wastani wao ulikuwa 2.95, na 11 hawakupata hata alama moja, ingawa wengi walisimulia kwa uhakika mkubwa. Walipoonyeshwa karatasi zao, kumbukumbu ya awali haikurudi hata kwa mmoja, na wapo walioshikilia kwamba ya sasa ndiyo ya kweli, huku mwandiko wao wenyewe ukiwa mbele yao.

Hatua ya saba: tunza karatasi ya kwanza, na ukikosea rekebisha kwa kuongeza

Weka tarehe, saa na sahihi. Usifute wala usinakili upya ili ipendeze. Ukikumbuka jambo jipya, liandike chini pamoja na tarehe mpya na kilichokukumbusha, kwa mfano "baada ya kuongea na jirani." Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya mwaka 1967 inamruhusu shahidi, akiwa mahakamani, kujikumbusha kwa kutazama maandishi aliyoyafanya mwenyewe wakati wa tukio au muda mfupi baadaye, mambo yakiwa bado mabichi kichwani. Karatasi iliyoandikwa upya miezi sita baadaye haina nguvu hiyo. Na maelezo ya mashahidi yakipishana, msiamue kwa wingi wa sauti; nendeni mahali pale, kila mmoja asimame aliposimama, muone kinachoonekana.

Mimi nilirudi kwa mwenyekiti asubuhi iliyofuata nikamweleza habari ya kile kibanda. Hakunilaumu. Alipiga mstari mmoja juu ya sentensi yangu kwenye daftari lake, akiiacha isomeke, akanitaka nitie sahihi pembeni. Kisha akawaita wenzangu wa kwenye benchi, mmoja mmoja safari hii, akamuuliza kila mtu alikuwa amesimama wapi. Hakupatikana hata mmoja aliyekuwa upande wa kuweza kuiona indiketa. Mzee aliyeniambia habari ile alifikiri kwa muda, akasema naye aliisikia pale pale kwenye kahawa, ila hakumbuki kwa nani.